ARTSIMOVICH, ALIYEWAITA WAPINZANI WAJE KUPIMA MOTO WAKE

Katika toleo hili nimepewa nafasi nisimulie maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Najua wengi mlitarajia mpigania uhuru au mtunzi wa tenzi. La hasha! Nawaletea Mrusi mmoja, mwanafizikia, jina lake Lev Andreyevich Artsimovich, ambaye hakuwahi kuikanyaga Embu wala kulisikia jina la Majengo. Ukilisoma jina hilo mara ya kwanza ulimi unakwama, lakini usijali, ukifika ukurasa wa mwisho utakuwa umelizoea kama mimi. Kabla sijaingia katika maisha yake, sina budi kukiri jambo moja la aibu, maana ndilo lililonifikisha kwake.

Muhula wa kwanza tulifanya zoezi la maabara la kupima jinsi nafthalini inavyopoa, zile tembe nyeupe ambazo akina mama huweka kwenye sanduku la nguo kufukuza nondo. Kazi yenyewe ni rahisi: unaiyeyusha, unatia themomita, halafu kila nusu dakika unaandika joto. Mimi, kwa kupiga domo na jirani yangu, nikapitwa na dakika sita nzima. Niliposhtuka nafthalini ilikuwa imekwisha kuganda. Basi nikafanya lile ambalo wengi wetu tunalijua ila hatulisemi: nikapika matokeo. Nikajaza nambari za katikati kwa kukisia, nikachora grafu ikateremka vizuri, laini, bila kona. Kumbe hapo ndipo nilipojichongea! Nafthalini ikifika nyuzi 80 hivi huganda, na wakati inaganda joto lake halishuki, husimama palepale kwa dakika kadhaa. Grafu za wenzangu zote zilikuwa na bapa hilo. Yangu tu ndiyo iliyopita hapo kama matatu isiyo na breki. Mwalimu wetu wa Fizikia hakuniadhibu wala hakunitangaza. Alinituma nikamtafute mwanasayansi aliyekuwa na kila sababu ya kupika matokeo na asipike, kisha niandike maisha yake kwa Kiswahili.

Likizo ilipofika, njia ya kumfikia mtu huyo nilianza kuiona Majengo kabla ya maktaba. Nilipeleka lango letu kwa fundi mmoja wa jua kali ili bawaba yake ichomelewe. Mzee yule alinifukuza nisimame mbali na nigeuze uso, kwa maana ule mwanga mkali wa buluu huharibu macho. Nikauliza ni nini hasa kinachowaka pale, mbona sioni kuni wala mafuta. Akanieleza kwamba ni hewa yenyewe, iliyopitiwa na stima hadi ikakubali kupitisha umeme kama waya. Nikaduwaa. Baadaye nilisoma kwamba hewa ya namna hiyo ina jina lake: plazma. Barafu ukiipasha moto inakuwa maji, maji yanakuwa mvuke, na gesi yoyote ukizidi kuipasha, elektroni zinabanduka kutoka kwenye atomi zake. Hapo ndipo inapokuwa plazma. Radi ni plazma, mwanga ndani ya taa ya tyubu ni plazma, na jua lenyewe ni plazma tupu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Katikati ya jua joto ni kama nyuzi milioni 15, na huko viini vya haidrojeni hugongana vikaungana kuwa heliamu. Muungano huo ndio unaotupa mchana. Je, mwanadamu anaweza kuuwasha moto wa jua hapa duniani akapata stima? Chuma cha fundi wetu wa Majengo huyeyuka kwa nyuzi 1,500 na kitu hivi. Moto wa mamilioni ya nyuzi utautia katika sufuria gani? Swali hilo ndilo lililoyala maisha ya Artsimovich kwa zaidi ya miaka 20.

Alizaliwa Moscow tarehe 25 Februari 1909. Alisomea Minsk, katika Chuo Kikuu cha Belarusi, akahitimu mwaka wa 1928 akiwa na umri wa miaka 19 tu, yaani umri ambao baadhi yetu bado tuko Kidato cha Nne. Mwaka wa 1930 alijiunga na taasisi ya fizikia ya Leningrad iliyoongozwa na Abram Ioffe, mahali palipowalea wanasayansi wengi wakubwa wa Urusi. Huko alichunguza eksirei na elektroni. Mwaka wa 1936 yeye na ndugu wawili, Alikhanov na Alikhanyan, walifanya jaribio lililothibitisha kwamba elektroni ikikutana na pozitroni zikaangamizana, nishati haipotei. Wakati huo walikuwapo watu waliotilia shaka kanuni hiyo. Kwa hivyo mnaona kwamba tangu ujana wake, kazi yake ilikuwa kuchukua jambo lenye mzozo na kulipima mpaka mzozo uishe.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka taasisi yao ilihamishiwa Kazan, mbali na mizinga. Mwaka wa 1944 Artsimovich aliingia katika maabara ya siri ya Igor Kurchatov mjini Moscow, ambako Wasovieti walikuwa wakitengeneza bomu la atomi. Sitaki kuificha sehemu hii ya maisha yake, maana mtu huhesabiwa kwa yote. Kazi yake ilikuwa kutenganisha aina za urani kwa kutumia sumaku kubwa. Alijifunza huko namna sumaku inavyoweza kuzipinda chembe zenye chaji ya umeme zikaenda inakotaka. Ujuzi alioupata katika kazi ya silaha ndio alioutumia baadaye katika kazi ya amani.

Kazi hiyo ya amani ilianza kwa namna ambayo ingefaa kuwa ngano. Mwaka wa 1950 askari mmoja kijana, Oleg Lavrentiev, aliyekuwa akitumika katika kisiwa cha Sakhalin, mbali kabisa mashariki ya Urusi, alituma barua Moscow akipendekeza njia ya kuufunga moto wa jua kwa nguvu za umeme. Barua hiyo ilifika mikononi mwa Andrei Sakharov. Sakharov aliona kwamba njia ya kijana ina kasoro, lakini wazo la kuushika moto bila kuugusa lilimwingia akilini. Yeye na mwalimu wake Igor Tamm wakafikiria kutumia sumaku badala yake. Mwaka wa 1951 serikali ilianzisha mradi rasmi, na Artsimovich akakabidhiwa upande wa majaribio. Mikhail Leontovich akapewa upande wa nadharia.

Hebu niwaeleze mashine yao kwa lugha ya nyumbani. Mnaijua ngata, ile duara ya nguo ambayo mama hujiwekea kichwani kabla ya kujitwika mtungi? Basi tengeneza ngata ya chuma iliyo wazi ndani, kama tyubu ya baiskeli. Ondoa hewa, tia haidrojeni kidogo sana. Izungushie nyaya za sumaku kila mahali. Chembe za plazma zina chaji, na chembe yenye chaji haiwezi kukata sumaku ikapita moja kwa moja, bali huizunguka ikiifuata, mfano wa mmea unaotambaa juu ya kamba. Kwa kuwa njia yenyewe ni duara, haina mwisho wa kutokea. Lakini sumaku hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu chembe huteleza polepole zikagusa ukuta. Ndipo transfoma inapoingia. Wale wa Kidato cha Nne wanajua kwamba transfoma ina mzingo wa kwanza na mzingo wa pili. Hapa mzingo wa pili ni plazma yenyewe! Umeme unapita ndani yake, unaipasha moto, na tena unazaa sumaku ya pili. Sumaku hizo mbili husokotana kama nyuzi za mkonge katika kamba, na kamba iliyosokotwa, kama mjuavyo, haifumuki upesi. Mashine hiyo ndiyo iliyoitwa tokamaki, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kirusi yenye maana ya chumba cha duara chenye mizingo ya sumaku.

Mnaweza kuuliza, moto kama huo ukitoroka si utaunguza mji? Hapana. Gesi iliyomo ni nyepesi mno kuliko hewa tunayovuta. Ikigusa ukuta, kinachoathirika kwanza ni plazma yenyewe, inapoa na kuzimika. Shida ya wanasayansi siku zote imekuwa kuuzuia moto usizimike.

Sasa naja kwenye kiini cha hadithi. Mwaka wa 1952, kabla ya tokamaki kukomaa, kikundi cha Artsimovich kilipitisha umeme mkali katika mrija ulionyooka wenye gesi ya deteriamu, ambayo ni haidrojeni nzito. Mara vyombo vikaonyesha nyutroni zinatoka! Nyutroni ndiyo dalili ya viini kuungana. Maabara nzima ilisisimka. Viongozi wa mradi walikuwa wakisubiri habari njema, na ingekuwa rahisi kabisa kuandika kwamba jua limewashwa. Lakini Artsimovich na wenzake walirudi kuchunguza wakagundua kwamba nyutroni zile hazikutokana na joto. Zilitokana na chembe chache zilizosukumwa kwa nguvu na umeme, zikagonga nyingine. Moto haukuwapo. Wakayasema hayo, na mwaka wa 1956 Kurchatov akaenda Harwell, Uingereza, akawaeleza Waingereza hadharani.

Ajabu ni kwamba Waingereza nao hawakuliepuka shimo hilo. Januari 1958 walitangaza kwa shangwe kwamba mashine yao iliyoitwa ZETA ilikuwa imetoa nyutroni zilizoonekana kutoka kwenye muungano wa viini. Magazeti ya dunia yalipamba moto. Ilipofika Mei mwaka uleule, iliwabidi wakiri kwamba hazikuwa za joto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ingawa hapa hawakutia maji kwa hila, waliharakishwa na sifa. Mwaka huo huo pazia la siri liliondolewa, na katika mkutano mkubwa wa Geneva nchi zote zikaonyeshana mashine zao. Hapo ikabainika kwamba wote walikuwa wamekwama mahali pamoja: plazma ilikuwa inavuja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukata tamaa. Huko Princeton, Marekani, plazma ilikuwa ikitoroka upesi kwa kadiri iliyofuata kanuni ya mwanafizikia David Bohm, na watu walianza kuamini kwamba maumbile yenyewe yamekataa. Artsimovich hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka wa 1961, katika mkutano wa Salzburg, aliyakosoa waziwazi madai ya Wamarekani kuhusu mojawapo ya mashine zao, akionyesha kwamba vipimo vyao havikubeba uzito wa maneno yao. Mwaka uo huo akatoa kitabu kikubwa kuhusu elimu hiyo. Kisha msiba ukawafika. Natan Yavlinsky, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha tokamaki, alikufa na familia yake katika ajali ya ndege mwaka wa 1962. Artsimovich akaubeba mwenyewe mzigo wa tokamaki.

Akaenda polepole. Alisafisha kuta za vyombo, akanyoosha sumaku, akarudia tena na tena. Mwaka wa 1965, katika mkutano uliofanyika Culham, Uingereza, alitoa habari kwamba plazma yake inakaa muda mrefu kuliko kanuni ya Bohm inavyoruhusu. Wenzake hawakumwamini. Agosti 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Siberia, akaja na makubwa zaidi: tokamaki yao ya T-3 imefikia joto la kama nyuzi milioni 10, na inaishika plazma kwa elfu kadhaa za sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi, lakini kwa elimu ile hiyo ilikuwa hatua kubwa, mara makumi kupita kanuni ya Bohm.

Na sasa mtego ukamgeukia. Yeye aliyewakosoa wengine akawa ndiye anayeshukiwa. Joto lile halikupimwa kwa themomita, maana hakuna themomita ya hivyo. Lilikadiriwa kutokana na jumla ya nishati ya plazma. Wapinzani wakasema, na walikuwa na haki, kwamba huenda ni elektroni chache tu zenye mbio za ajabu zinazoivuta hesabu. Chukua mfano: wakazi mia wa kijiji wana shilingi mia mia, halafu tajiri mmoja mwenye milioni akahamia huko. Ukikokotoa wastani utadhani kijiji kizima kimetajirika, kumbe ni mtu mmoja! Je, T-3 ilikuwa kijiji cha matajiri, au cha tajiri mmoja?

Mimi nilipofika hapa katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini. Nilijiuliza ningefanya nini ningekuwa yeye. Alikuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi tangu 1953, alikuwa na tuzo na heshima, nchi yake ilikuwa katika Vita Baridi na nchi za Magharibi, na maabara yake ilikuwa ndani ya taasisi iliyotengeneza mabomu. Angeweza kusema shauri yenu, asiyeamini na asiamini. Badala yake aliwaita. Waingereza wa Culham walikuwa mabingwa wa njia mpya ya kupima joto la plazma kwa leza. Artsimovich alimwalika mkuu wao, Bas Pease, alete watu wake na vyombo vyake Moscow, waipime T-3 kwa mikono yao wenyewe. Fikirini vizuri. Aliwaita wale ambao mwaka wa 1958 mashine yao ilikuwa imewaaibisha, wale waliokuwa na sababu nyingi za kutaka na yeye aaibike.

Mwezi uo huo wa Agosti 1968 majeshi ya Kisovieti yaliingia Chekoslovakia, na uhusiano wa Mashariki na Magharibi ukachacha. Mwaliko ungeweza kufa hapo hapo. Haukufa. Mwaka wa 1969 wanasayansi wa Culham, miongoni mwao Nicol Peacock, Derek Robinson, Michael Forrest na Peter Wilcock, walifunga safari na mizigo ya vyombo ipatayo tani 5, wakafanya kazi bega kwa bega na Warusi.

Njia yao ilikuwa hivi. Unapiga mwale wa leza ndani ya plazma. Rangi yake ni moja tu, safi. Mwanga huo ukigonga elektroni, unatawanyika, na rangi yake inabadilika kidogo kulingana na mbio za elektroni. Ni kama mlio wa ambulensi barabarani: ikija upande wako mlio ni mwembamba, ikishakupita unakuwa mzito. Elektroni zikiwa na joto zinakwenda mbio pande zote, kwa hivyo rangi iliyokuwa moja inatanuka. Ukipima imetanuka kiasi gani, umejua joto. Uzuri wake ni kwamba unapima umati wa elektroni, si zile chache zenye wazimu. Kijiji kinahesabiwa nyumba kwa nyumba.

Jawabu lilipatikana. Kijiji kilikuwa cha matajiri kweli. Joto la plazma ya T-3 lilipanda hadi kupita nyuzi milioni 10, kama Artsimovich alivyosema. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Novemba 1969, yakiwa na majina ya Waingereza wanne na Mrusi mmoja. Hapakuwa tena na ubishi. Huko Princeton waliigeuza mashine yao kubwa kuwa tokamaki, ikaanza kazi mwaka wa 1970, na baada ya muda mfupi tokamaki zilichipuka Ulaya, Marekani na Japani. Naamini kwamba Warusi wangejipima na kujisifu peke yao, dunia ingechukua miaka mingi zaidi kukubali. Kipimo cha mpinzani mmoja kilimtetea Artsimovich kuliko vipimo vyake vyote.

Hakukaa sana kuyafaidi matunda. Alifariki Moscow tarehe 1 Machi 1973, siku chache baada ya kutimiza miaka 64. Miaka yake ya mwisho alikuwa akishiriki pia katika mikutano ya Pugwash, ambapo wanasayansi wa Mashariki na Magharibi walitafuta njia za kuziepusha nchi zao na vita vya atomi. Shimo moja kwenye mwezi limepewa jina lake.

Je, moto wake uko wapi leo? Hapa lazima niseme habari ya heliamu, kwa kuwa ndiyo inayoniunganisha na kazi inayoendelea. Gesi hii iligunduliwa kwanza katika mwanga wa jua, mwaka wa 1868, ndipo ikapewa jina la jua kwa Kigiriki. Katika tokamaki ina kazi tatu, na zote zinanikumbusha jiko la makaa. Kwanza, deteriamu na tritiamu zikiungana hutoa nyutroni na heliamu. Nyutroni haina chaji, inatoroka. Heliamu ina chaji, inabaki ndani na kuipasha plazma, kama kaa lililoshika moto linavyowasha jirani yake. Ikishatoa joto lake inageuka kuwa majivu, na jiko likijaa majivu moto unafifia. Kwa hivyo heliamu lazima ikae kidogo, kisha iondolewe. Pili, wanasayansi huijaza tokamaki heliamu tupu ili kuijaribu mashine. Heliamu haiungani humo, haitoi nyutroni, na mashine haipati mnururisho wa hatari. Wamefanya hivyo katika mashine ya JET huko Culham na ASDEX Upgrade ya Ujerumani. Wameona kwamba kwa kawaida plazma ya heliamu huhifadhi joto vibaya kuliko ya deteriamu, na mara nyingi huhitaji kupashwa kwa nguvu zaidi kabla ya kutulia na kushika joto vizuri. Kila gesi ina tabia yake, na tabia hiyo haijulikani kwa kukisia. Tatu, heliamu iliyopozwa hadi ikawa majimaji, nyuzi 269 chini ya sufuri, ndiyo inayozipoza sumaku za tokamaki nyingi za kisasa. Na hapa jirani zetu wamo: mwaka wa 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, Tanzania, kuna heliamu ardhini.

Lakini msije mkadhani kwamba kesho stima ya Majengo itatoka kwenye tokamaki. Mwaka wa 1968, mwaka uleule wa Novosibirsk, bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme kwenye Mto Tana, chini kule upande wa Mbeere. Leo mitambo yake ina uwezo wa megawati 72. JET ilifungwa Desemba 2023, na miezi miwili kabla ya hapo iliweka rekodi yake: megajuli 69 za nishati ya muungano katika sekunde 5. Nilipiga hesabu. Kindaruma ikifanya kazi kwa uwezo wake wote inatoa kiasi hicho kwa sekunde moja! Isitoshe, JET ilikula nishati nyingi kuliko iliyotoa. Mashine kubwa zaidi, ITER, inajengwa kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa mataifa mengi. Nimeandika nambari hizi kama zilivyo, ingawa zinapunguza utamu wa hadithi yangu. Nadhani Artsimovich angetaka hivyo. Na sisi tunaotegemea Mto Tana tusizicheke, kwa maana mwaka wa 2000 mvua ilipokosekana stima iligawanywa kwa zamu nchi nzima. Anayetafuta moto mwingine hatafuti bure.

Muhula wa pili niliomba ruhusa nirudie zoezi la nafthalini. Safari hii sikuongea na mtu. Joto likashuka, likafika nyuzi 80, likasimama. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, halijongei, na mimi naandika nambari ileile kila nusu dakika kama mjinga. Kisha nikamwita yule jirani yangu niliyepiga naye domo, anisomee themomita kwa macho yake, nisije nikawa naona ninachotaka kuona. Nambari zake zilikuwa sawa na zangu. Grafu ilitoka na bapa lake, na vitone viwili vilikaa kando ya mstari. Nikaviacha hapo hapo.

Ndugu wasomaji, njia ya mwongo ni fupi, wala sihitaji kuwahubiria zaidi. Ninalowaomba wenzangu wa maabara ni moja tu: ukipata jibu zuri kupita kiasi, mwite anayekubishia aje apime.